Kimya cha Kinyozi Hapana

Redio ilikuwa inasema vizuri tu, ikakata pale pale tulipotaka kusikia.

"...wataalamu hao wanasema wapo wagonjwa waliopoteza fahamu, hawafumbui jicho wala kutikisa kidole, lakini vipimo vya ubongo vimeonyesha kwamba maneno yanayosemwa kando ya kitanda chao huwa..."

Krrr. Halafu kimya.

"Huwa nini?" akauliza Povu, dobi wetu, kikombe cha kahawa kimekwama njiani kabla ya kufika mdomoni. "Antena! Huwa nini?"

Antena ndiye fundi redio, na redio hiyo ni ya kwake, kama unaweza kuita redio kitu kisicho na mgongo, kilichofungwa kwa raba ili matumbo yasimwagike. Akaizaba kofi. Ikakohoa. Akaizaba la pili, ikanyamaza kabisa.

"Ama huwa wanayasikia, ama huwa hawayasikii," akasema Ticha, mwalimu mstaafu, akisukuma miwani juu ya pua. "Hakuna njia ya tatu. Tulieni."

"Nitatuliaje?" Povu akajibu, akashusha kikombe kwa pupa mpaka kahawa ikamwagika kwenye suruali. Dobi kujimwagia kahawa! Nikajua hapa pana jambo.

Kijiwe chetu kiko kibarazani kwangu. Mimi ni fundi cherehani, na kibaraza hiki nilikijenga kwa ajili ya wateja, lakini wateja wakija hawana pa kukaa, kwa sababu waheshimiwa hawa wamekalia benchi tangu asubuhi. Nimeshawafukuza. Nimeshalipaka benchi rangi mbichi makusudi, wakatandika gazeti wakakaa. Basi nikakubali yaishe. Nashona huku nasikiliza, na ninayoyaeleza hapa niliyasikia kwa masikio yangu mwenyewe, mguu ukiwa kwenye pedali.

Siku hiyo mwisho wa benchi palikuwa wazi. Pale ni pa Hapana, na hakuna aliyethubutu kupakalia tangu alipougua.

Hapana ni kinyozi, duka lake limepakana na langu. Tulimpa jina hilo kwa sababu hajapata kuanza sentensi kwa neno lingine. Mwambie mvua inanyesha, atasema, "Hapana, haya manyunyu." Haya, mwambie ni manyunyu: "Hapana, hii mvua kabisa." Anamnyoa mtu huku anambishia kuhusu umbo la kichwa chake mwenyewe. Sasa, siku moja alipanda juu ya kile kiti cha kunyolea, kile kinachozunguka, abadilishe balbu. Mkewe akamwambia, shuka utaanguka. Akasema hapana. Akaanguka.

Aligonga kisogo sakafuni, akapoteza fahamu, akalala hospitali majuma na majuma bila kumjibu mtu. Daktari akatuambia tusiache kumzungumzisha. Kijiwe kizima tukapanga zamu, mmoja mmoja, maana nesi hakutaka kundi wodini. Kila mtu akaenda siku yake, akavuta lile pazia la kijani, akabaki peke yake na mtu ambaye kwa mara ya kwanza maishani alikuwa anakuacha umalize kusema. Balaa lote limeanzia hapo.

Kwa bahati Hapana alizinduka. Akakaa nyumbani kupata nguvu, na siku hiyo ya redio ndiyo alikuwa anarudi kijiweni kwa mara ya kwanza. Aliyetuletea habari ni dada yake, Dada Birika, mjane anayetuuzia kahawa hapo hapo kibarazani. "Akimaliza kuoga tu anakuja," alisema, kisha akazunguka nyuma ya nyumba yangu kuongeza maji kwenye birika.

Hapo ndipo redio ilipokata.

"Sikilizeni niwape darasa la bure," akasema Antena, akichomoa bisibisi mfukoni. "Redio imezima, siyo?"

"Imezima," tukasema.

"Mtangazaji amekufa?"

"Hajafa."

"Yuko zake studio, anamwaga habari kama kawaida. Kilichokata ni kidude hiki tu. Basi na ubongo ni hivyo hivyo, ubongo ni redio. Fahamu yenyewe, ule umimi wako, unatoka kituoni."

"Kituo gani?" Ticha akauliza.

"Kituo. Huko." Antena akaelekeza bisibisi juu.

"Huko ni kwenye bati la fundi."

"Juu zaidi, Ticha, usijitie hamnazo! Ninachosema, mtu akizimia, ni redio imezimia. Mwenyewe yupo, anasikia, anaona, ila hana pa kutokea."

"Enhee!" Povu akapiga paja. "Hapo umesema! Yupo! Anasikia!"

Ticha akacheka kile kicheko chake cha kusahihisha mitihani. "Porojo. Ubongo si redio, ubongo ni jiko la mkaa, na fahamu ni joto lake. Mkaa ukizimika, joto limekwisha, huulizi limehamia mtaa gani. Mtu akipigwa rungu la kichwa anasahau jina la mkewe. Sasa kama fahamu iko huko kituoni, rungu lilifikaje kituoni?"

"Nikiiangusha redio hii, mtangazaji atatoka anakwaruza," Antena akajibu bila kupepesa. "Utasema mtangazaji ameumwa koo?"

Hapo hata mimi nilisimamisha cherehani. Si kawaida ya Antena kusema kitu chenye miguu miwili.

Ticha akafikiri, kisha akanyanyua kidole. "Mlevi je? Mtu akilewa hakwaruzi tu, anabadilika. Bahili anagawa hela, mpole anatukana, mkimya anaimba. Mwagia redio pombe uone kama itabadilisha kipindi."

"Ukiimwagia pombe inaungua."

"Basi mfano wako umeungua nayo."

Povu hakucheka. Aliinama, akasema taratibu, kama anayejisemea mwenyewe, "Alisikia. Lazima alisikia."

"Nani?" nikamuuliza.

"Hapana. Pale kitandani. Alisikia kila neno, nakwambieni."

"Wewe tangu lini umekuwa mtaalamu wa mambo ya fahamu?" nikamwambia. "Juzi tu ulitubishia kwamba dunia ingekuwa inazunguka, nguo zingedondoka kwenye kamba."

"Hilo ni lingine. Hili nina uhakika nalo. Antena ameeleza vizuri, kituo kilikuwa hewani!"

"Barabara!" Antena akadaka, kifua mbele, maana si kila siku anapata mfuasi. "Hapana alikuwa anasikia yote! Kila mtu aliyekaa pale kando ya kitanda, kila neno alilosema, kila..."

Akapunguza mwendo.

"...kila alichosema," akamalizia, akaitazama redio yake, akaisogeza chini ya benchi kwa mguu.

Na Ticha naye, nikamwona anashika kofia yake. Ticha alianza kuvaa kofia siku za karibuni, ya sufu, na jua lote hili. Akaivuta mpaka masikioni.

"Kwa kweli," Antena akasema baada ya muda, "huu mfano wa jiko la mkaa nao si mbaya."

"Ala!" Povu akaruka. "Unanikimbia?"

"Sikukimbii, nimeelimika. Mkaa ukizimika umezimika. Mtu akizimia hasikii kitu, asilani. Au vipi, Ticha?"

"Hasikii hata chembe," Ticha akasema kwa nguvu. "Sayansi iko wazi. Iko wazi kabisa. Kweupe!"

Nikaweka mkasi chini. "Jamani, mbona mmekubaliana? Nyie hamjawahi kukubaliana hata leo ni siku gani. Hebu semeni, kule wodini mlimwambia nini Hapana?"

Wote watatu wakatazama barabarani, na barabarani hakukuwa na kitu.

"Ticha," nikasema, "hebu vua kofia."

"Nina mafua."

"Mafua ya utosini? Vua!"

Antena hakungoja ruhusa, akaikwapua. Loh! Kichwa cha Ticha kilikuwa kimenyolewa vizuri, kimezungushwa, kimechongwa nyuma kama cha bwana harusi. Sisi wote hapa tunamjua mwenye mkono ule, na si Hapana. Ni yule kinyozi kijana wa ng'ambo ya barabara, mwenye vioo pande zote.

"Msaliti!" Antena akasema kwa furaha.

"Nilikwenda mara moja, Hapana akiwa hospitali, nikasema nijaribu," Ticha akajitetea. "Sasa zamu yangu ilipofika, dhamira ikanisuta, nikamwambia. Nikamwambia na kwamba, miaka yote hii, huwa nikitoka dukani kwake napita vichochoroni mpaka nyumbani, watu wasione alivyoninyoa. Nilidhani naongea na mto wa kitanda! Haya, na wewe unayejitia msafi, kwa nini umeficha redio?"

Antena akakohoa kama redio yake. "Redio ya dukani kwake ile, aliyoniletea nitengeneze. Nilimwambia imekufa. Haikufa kabisa. Spika yake nimeiazima, iko humu. Nikamwambia pale kitandani, nikaomba radhi, nikatokwa na machozi hata. Niliona mzigo umenitoka. Sasa ninyi mnaniambia mzigo ulikuwa unapokelewa!"

"Wewe ndiye uliyesema ubongo ni redio," nikamkumbusha.

"Nimefuta!"

Mimi wakaniuliza nilisema nini zamu yangu. Nikawajibu kwamba yangu ni kati yangu na mgonjwa, nikakanyaga pedali kwa nguvu.

"Povu ndiye anayenishangaza," Ticha akasema. "Sisi tunaomba hakusikia. Wewe unaomba alisikia. Ulimsifu?"

Povu akageuka kuangalia kule nyuma ya nyumba, kama Dada Birika anarudi. Bomba lilikuwa bado linatiririka. Akashusha sauti.

"Nilimposa dada yake."

Nikajichoma sindano. Nasema kweli, kidole hiki hapa.

"Ulimposa Dada Birika? Kwa mtu aliyezimia?" Ticha akasema.

"Ningefanyaje? Mnamjua Hapana. Baba yao hayupo, yeye ndiye wa kuulizwa. Mwenye bucha alikuja kuposa, akaambiwa hapana, kisu chake butu. Yule wa duka la viatu akaambiwa hapana, anatembea kwa kuburuta miguu. Mimi nimekaa na posa yangu moyoni, namfulia yule bwana makoti yake meupe, nayapiga pasi mpaka yanasimama yenyewe, na kila nikifungua mdomo naliona lile neno linanisubiri. Basi siku ile nikamwona amelala, ametulia. Nikamshika mkono, nikamwambia yote. Nikamwambia, kaka, nampenda dada yako, nataka kumwoa, nitamtunza. Kama hutaki, sema."

"Halafu?"

"Hakusema."

"Alikuwa amezimia, Povu!"

"Nilisubiri! Nilisubiri mpaka nesi akaja kubadilisha dripu akaondoka. Kimya. Sasa fikirini kidogo. Angekuwa mtu mwingine, kimya kisingekuwa na maana. Lakini yule? Yule angekuwa na tone moja la kupinga, lingemtoka hata akiwa ndani ya jeneza. Mara ya kwanza maishani mwake anaombwa jambo, na hasemi hapana! Nikaona hiyo ni ndiyo, tena ndiyo kubwa."

Antena akakuna kidevu. "Kusema kweli hapo ana hoja."

"Hoja gani?" Ticha akang'aka. "Liulize benchi hili kama linakataa kukaliwa! Limenyamaza, limekubali?"

"Benchi halina tabia ya kukataa," Povu akajibu. "Hapana anayo."

"Mtu asiyekuwepo hawezi kukubali!"

"Na utajuaje kama hakuwepo? Wewe ulikuwa ndani ya kichwa chake? Hata hapa, utajuaje nani yupo? Fundi huyu kanyamaza muda wote anashona. Yumo au hayumo?"

"Nimo," nikasema.

"Hata redio inaweza kusema nimo," akasema Antena.

Nilimtolea mkasi, akahama upande.

"Sasa ngoja," Ticha akasema, na safari hii hakuwa anacheka. "Yeye mwenyewe, Dada Birika, ulimwambiaje?"

Povu akajifuta uso kwa kiganja. "Nilimwambia nimemuuliza kaka yako. Akaniuliza, amekubali? Nikasema amekubali. Akaangalia chini, akatabasamu, akasema sawa. Jamani, nampenda yule mwanamke. Msicheke. Nikisikia birika lake linagonga kule nje asubuhi, nashika pasi kwa adabu. Kama Hapana hakusikia, basi mimi ni mwongo, nimemlaghai mjane. Lazima awe alisikia. Lazima."

Hatukucheka. Antena aliitoa redio chini ya benchi, akaanza kuigongagonga polepole, labda ile habari ingerudi ikaishia pazuri.

Mlango wa nyuma ukalia. Dada Birika akatokea na birika mkononi, akaliweka juu ya jiko, akapuliza mkaa. Halafu akasema, bila kumwangalia mtu, "Leo nimefurahi. Kaka akishakaa tu, namshukuru mbele yenu wote kwa kunikubalia. Sitaki liwe jambo la pembeni."

Povu akawa rangi ya maji ya kusuuzia. Akanong'ona, "Fundi, huko nyuma kwako kuna geti?"

"Lipo, limefungwa," nikasema. Halikufungwa. Lakini mwanamume asimame pale alipojipeleka mwenyewe.

Na Hapana huyo, anakuja. Kapungua, kashika fimbo, mkewe anamfuata nyuma na mto wa kukalia. Nywele zimemwota ovyo, kinyozi huyo, mpaka zimefunika masikio. Tulisimama wote. Tulimshika mikono, tukamkalisha pale pake mwisho wa benchi, na sioni haya kusema kwamba macho yaliniwasha.

"Pole sana, kaka," Ticha akasema, kofia imesharudi kichwani. "Umepona kabisa sasa."

"Hapana," akasema Hapana. "Nimepata nafuu tu."

Tukapiga makofi! Watu wanaopita wakadhani kuna harusi. Ni neno hilo hilo lililotuchosha miaka yote, na siku hiyo lilikuwa tamu kuliko sukari.

Makofi yalipotulia, Ticha akasogea. "Tulikuwa tunajadili hapa, mambo ya elimu tu. Ulipokuwa kule hospitali, umelala... ulikuwa unasikia tukisema?"

"Hapana."

"Hapana ile yako ya kila siku, au hapana yenyewe?"

Hapana akamwangalia, akaegesha fimbo kwenye goti. "Hapana yenyewe. Nilipanda kitini, nikaona balbu. Halafu nikamwona nesi ananifuta uso. Katikati hapana kitu. Watu wananiuliza kama palikuwa na giza. Giza unaliona, bwana, ukiamka usiku unalijua kwamba ni giza. Kule hata giza halikuwepo. Mke wangu anasema nilikuwa napumua, nilikuwa hata nakunja uso nikiguswa. Nakubali, mwili ulikuwepo. Mimi sikuwepo. Nikiwa nyumbani nimepatafuta sana hapo katikati, nikakosa hata pa kuanzia kutafuta. Linaniogopesha jambo hili."

Kisha nikaona mabega ya Ticha yanashuka. Antena akapumua mpaka redio ikapumua naye. Wawili hawa walikuwa wameokoka. Povu alikuwa anatazama vidole vyake.

Dada Birika akamimina kahawa, akampa kaka yake kikombe kwa mikono miwili. "Kaka," akasema, "nina neno la shukrani."

"Kwa lipi?"

"Kwa..."

"Usimshukuru!" Povu akasimama, benchi likanyanyuka upande mmoja, Antena akabaki ananing'inia. "Usimshukuru, mama. Hakukubali. Nilimuuliza hayupo. Umemsikia mwenyewe, hakuwepo kabisa. Nilikwambia amekubali kwa sababu nilitaka iwe hivyo. Nimekudanganya. Nisamehe, na kama hutaki tena kuniona kibarazani hapa, nitapitia ule upande mwingine wa barabara."

"Nani alimuuliza nani nini?" Hapana akauliza, lakini hakuna aliyemjibu, na hilo halijawahi kutokea.

Dada Birika akaweka birika chini. Nilitegemea machozi. Akacheka! Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Kaa chini, Povu, usiangushe watu. Najua."

"Unajua nini?"

"Yote. Nilikuwepo."

"Wapi?"

"Pale pale. Nani mlidhani alikuwa anamgeuza kaka, anambadilisha shuka? Mke wake alikuwa na watoto nyumbani. Mimi nilikuwa nalala chini, kwenye mkeka, kati ya kitanda na ukuta. Kila mmoja wenu alikuja, akavuta pazia, akamwangalia kaka, akajiona yuko peke yake, akafungua moyo. Hakuna aliyeinama kutazama upande wa pili." Akajifuta machozi ya kucheka kwa ncha ya kanga. "Muda wote huu nawasikia kule bombani. Ubongo redio, ubongo jiko. Alisikia, hakusikia. Wanaume wazima! Mmemtafuta aliyesikia mpaka juu ya bati, na aliyesikia ndiye anayewamiminia kahawa."

Ticha akafumba macho, mkono juu ya kofia.

"Ndiyo, Ticha," Dada Birika akasema. "Na hiyo nilisikia. Vichochoro vyote."

"Vichochoro gani?" akauliza Hapana.

"Atakwambia mwenyewe. Na wewe Antena, spika inalia vizuri?"

Antena akainua redio yake kwa mikono miwili, akaiweka kwenye mapaja ya Hapana, akarudi kukaa.

Mimi nikawa nimeinamia cherehani, nashona kitambaa ambacho hakikuwepo.

"Na fundi naye," akasema.

"Dada, hayo yaache."

"Fundi alikuja, akasema 'haya kaka, tupo,' akakaa, akalala fofofo. Alikoroma mpaka nikaruka mkekani. Nilidhani kaka amezinduka! Nilimwita nesi kwa kelele zile."

Kicheko kilichofuata sikisimulii. Kibaraza ni changu, na nina haki ya kuruka sehemu.

Povu peke yake hakucheka. "Kama ulijua sikupewa jibu," akasema, "kwa nini ulisema sawa?"

Dada Birika akatulia. "Kwa sababu ulisubiri. Hawa wengine walikuwa wanatua mizigo yao, kaka au ukuta, kwao ilikuwa mamoja. Wewe ulimuuliza mtu, ukasubiri akujibu, kama mtu. Nikasema moyoni, huyu atanisubiri na mimi nikiwa na neno. Nilikukubali mimi, siku ile ile, nimelala chini mkekani. Ila leo nilitaka nione kama utaniacha nimshukuru kaka bure."

"Na kama ningekuacha?"

"Ungepitia ule upande mwingine."

Akamgeukia kaka yake, akampangusa bega kwa upole. "Lakini kaka ni kaka. Sasa yupo, macho yamefumbuka. Muulize."

Povu akajifuta mikono kwenye suruali yenye kahawa. Akapiga magoti pale kibarazani, kwenye vipande vya nyuzi zangu. Sauti ilikuwa inakwaruza.

"Kaka. Nampenda dada yako. Nataka kumwoa, nitamtunza. Kama hutaki, sema."

Hapana akafungua mdomo.

Sote tuliuona umefunguka. Mkewe alishika mto kifuani. Nilitoa mguu kwenye pedali nisije nikakanyaga bahati ya mtu. Mdomo ukakaa wazi, tena ukakaa, halafu ukafungwa. Hapana akamtazama dada yake, akamtazama Povu aliyepiga magoti, akaitazama redio iliyoko mapajani mwake. Kisha akanyoosha kikombe mbele, kitupu, Dada Birika akakijaza, naye akaanza kunywa polepole, macho makavu, bila kusema kitu.

Tukangoja. Bado kimya.

Antena akamsogelea Ticha, akamnong'oneza sikioni kupitia kwenye kofia.

"Ticha, amekubali, au amezimia tena?"